Tafakari ya Juma: Hatua Saba kutoka Mwembeni



Wapendwa waamini, juma hili tunauanza mwezi wa Novemba, mwezi ambao Mama Kanisa ameutenga kwa ajili ya kuwakumbuka na kuwaombea marehemu wote. Wengi wenu mmetuuliza, baada ya Misa na hata kwa simu, kwa nini ujenzi wa ukumbi wetu ulisimama tangu mwezi wa nane, na kwa nini mchoro mliouchangia umebadilishwa. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine kwa uchungu, na wote mna haki. Tumeona ni heri tuwajibu hapa kwa kirefu, kwa maana jibu lenyewe halihusu saruji na nondo peke yake. Linawahusu wafu wetu. Linahusu pia kosa ambalo sisi paroko wenu tulikaribia kulitenda kwa mara ya pili.

Eneo letu mnalifahamu. Liko nyuma ya nyumba zilizobanana, mwendo mfupi kutoka Barabara ya Morogoro, na usiku ukitulia husikika malori yakipanda daraja la juu la Kijazi lililofunguliwa mwaka 2021. Zamani palikuwa mashamba ya Wazaramo, yenye mikorosho na miembe, na kila ukoo ulizika watu wake pembeni mwa shamba lake. Baadaye wakaja watu wa bara kutafuta kazi mjini, na miongoni mwao Wakristo wa kwanza wa mtaa huu, nao wakapewa pembe yao ya kuzikia. Mji ukakua. Mashamba yakawa viwanja, viwanja vikawa vyumba vya kupanga, na makaburi yakabaki katikati kama kisiwa. Parokia iliponunua ardhi ile, ilikinunua na kisiwa hicho.

Haja ya ukumbi haina ubishi. Familia nyingi za hapa huishi katika chumba kimoja au viwili. Anapofariki mtu, turubai hufungwa barabarani, viti hupangwa ukingoni mwa mtaro, na bodaboda hupita katikati ya wafiwa zikipiga honi. Jumuiya Ndogo Ndogo husali kwa zamu katika sebule zisizotosha, na watoto wa mafundisho hukaa chini ya mti mpaka mvua iwafukuze. Kwa hiyo Halmashauri ya Walei ilipoamua kujenga ukumbi wa watu 400, sote tulifurahi. Mlichanga. Akina mama wa WAWATA waliuza vitumbua baada ya Misa ya kwanza, Jumapili baada ya Jumapili. Vijana wa VIWAWA walifyatua matofali kwa mikono yao wenyewe. Hatuwezi kulitaja jasho hilo kwa wepesi.

Mchoro ulipoletwa, ulikuwa mzuri kwelikweli. Makaburi yenye misalaba na yale yaliyosakafiwa yalionyeshwa kwa mistari midogo, yakazungushiwa ua. Sehemu iliyobaki, upande wa mwembe mkubwa, iliandikwa maneno mawili tu: eneo tupu. Hapo ndipo ukumbi ulipowekwa. Sisi tuliutia sahihi mchoro huo ofisini, kikombe cha chai kikiwa mkononi, wala hatukuinuka kwenda kuitembelea ardhi yenyewe.

Siku tatu kabla ya tingatinga kuja, tulikwenda pale alfajiri ili kuonyesha mahali pa kushushia mchanga. Tulimkuta bibi mmoja mzee, amejifunga khanga, akifagia chini ya mwembe. Si muumini wetu. Ni Mwislamu, wa ukoo wa Kizaramo uliokuwa na shamba lile zamani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Karibu."

Alitukaribisha katika ardhi ambayo hati yake imo kabatini mwetu.

Tulimwuliza anafagia nini, kwa maana hatukuona kaburi lolote. Hakujibu upesi. Aliuegemeza ufagio, akaweka mgongo wake kwenye shina la mwembe, kisha akaanza kutembea kuelekea mawio ya jua, akihesabu kwa sauti. Alipofika saba akasimama.

"Hapa ni mwanangu wa kwanza." Akasogea kushoto hatua mbili. "Na hapa ni mdogo wake. Surua iliwachukua wote wawili, masika moja. Palikuwa na vibao vya mbao, mchwa wakavila. Lakini mwembe upo."

Kisha akatuuliza, bila ukali wowote: "Nimesikia mtaukata, baba. Sasa mimi nitahesabu kutoka wapi?"

Hatukuwa na jibu. Katika mchoro wetu mwembe ule ulikuwa umepigwa mstari mwekundu, maana yake ung'olewe pamoja na mizizi yake.

Ndugu wapendwa, inatupasa kuwaeleza kwa nini swali hilo lilituchoma kiasi kile. Katika miaka yetu ya kwanza ya upadre, tukiwa paroko msaidizi katika parokia nyingine, palihitajika mahali pa kuegesha magari. Kando ya kanisa palikuwa na makaburi ya zamani, mengi hayana alama. Greda lilikuja Jumatatu asubuhi, na jioni kazi ilikuwa imekwisha. Uamuzi haukuwa wetu. Lakini tulijua, na tulinyamaza, kwa sababu tulikuwa wageni pale na kwa sababu, tuseme kweli, tulitamani kuyaona maendeleo. Tarehe 2 Novemba ya mwaka ule akaja mzee mmoja na mshumaa mkononi. Alizunguka muda mrefu. Mwishowe akatujia, akauliza: "Padre, niuwashe wapi?" Tulimwonyesha kwa kidole nafasi iliyokuwa kati ya magari mawili. Akaenda, akapiga magoti juu ya kokoto, akauwasha. Tangu siku ile, kila tubarikipo makaburi, mzee yule yupo mbele ya macho yetu.

Ndiyo sababu tulimpigia simu mwenye tingatinga asije. Tukarudi kwanza vitabuni, halafu tukatoka kwenda kutazama jinsi wengine walivyojenga, au walivyopita, mahali walipolala wafu.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinayahesabu makaburi yaliyobarikiwa kati ya mahali patakatifu. Kanuni ya 1210 inaagiza kwamba mahali kama hapo paruhusiwe yale tu yanayosaidia ibada, uchaji na dini. Na Askofu akiruhusu matumizi mengine, iwe kwa nafasi maalumu, na yasipingane na utakatifu wa mahali penyewe. Sheria ya nchi nayo ina neno. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu makaburi kuhamishwa pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma, lakini katika fidia inazitambua hata gharama za mila na ibada za kuwatuliza wafu. Waliotunga sheria walijua kwamba kaburi halihamishwi kama rundo la mchanga. Iko pia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayoyalinda majengo ya kabla ya mwaka 1863. Hiyo inayalinda makaburi ya nguzo ya Kunduchi, yale yaliyopambwa kwa bakuli za kaure kutoka China, ambayo baadhi yenu mmepata kuyaona katikati ya mibuyu. Watoto wa bibi yule hawamo katika sheria hiyo. Hawakuwekewa nguzo wala kaure. Walikuwa na vibao viwili na mwembe.

Hapo tukakumbuka tuliyofundishwa seminarini juu ya Basilika ya Mtakatifu Petro kule Roma. Katika karne ya 4, mafundi wa Kaisari Konstantino walikuta mteremko wa Vatikano umejaa makaburi. Kujenga mahali tambarare kungekuwa rahisi zaidi. Wao walichimba kilima upande mmoja na kujaza udongo upande mwingine, ili kanisa lote lisimame kulielekea kaburi moja la mvuvi wa Galilaya. Huu ndio usanifu unaomheshimu marehemu: jengo kubwa likakubali kupangwa na kaburi dogo. Lakini historia hiyo ina upande wa pili. Ili kulipata tambarare hilo, nyumba za makaburi ya watu wengine zilivunjwa mapaa na kufukiwa kwa udongo, hata zilipofukuliwa katika miaka ya 1940, wakati wa Papa Pio XII. Kaburi la mkuu lilipewa heshima, na ya jirani zake yakawa kifusi cha msingi. Tuliposoma hayo tukiwa vijana tulishangilia sehemu ya kwanza. Ya pili hatukuitilia maanani.

Tukaenda tena kutazama jambo la karibu. Kando ya barabara iendayo Bagamoyo, hapa hapa Dar es Salaam, yapo Makaburi ya Vita, yenye nyasi zilizokatwa vizuri na mawe yaliyopangwa mistari. Wengi wetu hupita pale kila siku bila kugeuza shingo. Mwaka 1968, makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalihamishiwa pale ili kupisha ujenzi wa barabara mpya. Askari waliokuwa na alama zao walizikwa upya kila mmoja na alama yake. Lakini katika sehemu walimozikwa Waafrika Wakristo, Waislamu na wasio Wakristo, makaburi hayakuwa yamewekewa alama ya mtu mmoja mmoja. Hao walizikwa kwa pamoja, na mahali pao pakajengewa ukuta wa kumbukumbu. Waliohamisha walifanya walichoweza kwa heshima. Kosa lilikuwa limekwisha kufanyika zamani, siku ile wapagazi na askari wale walipozikwa bila mtu kuona haja ya kuandika nani amelala wapi. Tulisimama mbele ya ukuta ule pamoja na mwenyekiti wa Kamati ya Ujenzi. Yeye ndiye aliyesema: "Baba Paroko, hata sisi tuna eneo letu tupu."

Mwisho tulifika Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao mwaka 1868. Mnaijua njia ile ya miembe. Mnayajua na makaburi ya wamisionari, misalaba imesimama safu kwa safu, na umri wa waliolala pale ukiusoma unasikitika, kwa kuwa wengi walikuwa vijana walioangushwa na homa. Safari hii hatukwenda kama mahujaji. Tulikwenda kama watu wenye ukumbi wa kujenga. Tukaona kwamba makumbusho ya misheni hayakujengewa jumba jipya kati ya misalaba. Yamewekwa katika nyumba ya zamani ya masista. Mtu hutembea chini ya miti, kwa miguu, kutoka kanisani hadi makumbusho hadi makaburini, na hakuna jengo linalomkata njia mwenzake.

Tuliporudi, tulimwomba mwenyekiti wa serikali ya mtaa na imamu wa msikiti wa jirani watusaidie kutangaza: kila mwenye mtu wake katika ardhi ile aje atuonyeshe. Walikuja Jumamosi mbili mfululizo. Kila mmoja alikuja na kipimo chake. Mmoja alipima kutoka kisima kilichokauka, mwingine kutoka kichuguu, mwingine alifuata njia ya miguu ya zamani hadi inapopinda. Wawili walibishana juu ya mkorosho uliokwisha kukatwa, wakapatana baada ya kukuta kisiki chake chini ya majani. Kila palipoonyeshwa tulichomeka kigingi na kufunga kitambaa cheupe. Jioni ya Jumamosi ya pili eneo tupu lilikuwa na vigingi 43. Kijana aliyetuchorea ramani alisimama akavitazama kwa muda, kisha akaomba karatasi mpya.

Mchoro mpya umetokana na vigingi vile, nasi twapenda muuelewe.

Kwanza, ukumbi umehamia upande wa barabara, mahali tulipokusudia kuegesha magari, na nyumba ya zamani ya katekista itakarabatiwa iwe jiko na stoo badala ya kujenga mpya. Magari yatabaki nje. Pili, miti yote iliyotumika kama kipimo haitaguswa, na mwembe ndio wa kwanza. Katika ardhi kama ile miti ni daftari la vizazi. Ukiukata mmoja, umechana ukurasa ambao hakuna anayeweza kuuandika upya. Tatu, njia ya zamani ya miguu itabaki ilivyo na upindaji wake, hata kama mafundi wangependelea iliyonyooka.

Nne ni maji, na hili hatukulifikiria kabisa hapo mwanzo. Paa kubwa hukusanya mvua yote na kuimwaga mahali pamoja, na ninyi mnaujua mteremko wetu na masika yake. Mchoro wa kwanza ungeyapeleka maji hayo moja kwa moja juu ya makaburi, na baada ya miaka michache udongo ungekuwa umechukuliwa. Sasa maji yatapelekwa kwenye mtaro wa barabarani na kwenye tangi. Vyoo na shimo lake viko upande wa chini, mbali na waliolala. Tano, upande unaotazama makaburini kutakuwa na baraza ndefu, bila ukuta, yenye benchi la saruji. Wafiwa watakaa pale. Atakayetaka kuwatazama wapendwa wake atawaona, na asiyeweza bado kuwatazama atageukia ndani.

Yote haya yana gharama, nasi hatutaificha. Ukumbi uliokuwa wa watu 400 sasa ni wa watu 250. Fedha ya mchoro wa kwanza imekwenda. Tena, kwa kuwa mahali ni pa wafu, hatutaukodisha kwa sherehe za muziki na dansi, na mnajua kwamba kodi ya harusi ndiyo tuliyoitegemea kulipia umeme na mlinzi. Mjumbe mmoja wa Kamati, mtu mwema aliyejitoa sana, alijiuzulu akisema kwamba tumewapendelea wafu kuliko watoto wa mafundisho wanaonyeshewa na mvua. Muumini mwingine aliomba arudishiwe mchango wake, nasi tukamrudishia. Hatuwahesabu hao kuwa wabaya. Hoja yao ni nzito, na usiku mwingine hutukosesha usingizi. Mtoto anayelowa leo ana haki juu yetu. Lakini tunaamini kwamba mtoto huyo, akifundishwa Imani ya ufufuko wa wafu ndani ya jengo lililosimama juu ya watoto wenzake waliofutwa, atakuwa amefundishwa mambo mawili yanayopingana, na la pili ndilo atakalolishika.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, Abrahamu anafiwa na mkewe Sara akiwa mgeni katika nchi ya watu wengine. Efroni Mhiti anajitolea kumpa pango bure, lakini Abrahamu anakataa. Analipa shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote wa lango la mji, ili asiwepo mtu wa kumsumbua Sara baadaye. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi katika mazishi. Safari hii ndipo tulipoona jambo dogo lililomo katika mapatano yale: yanataja shamba, na pango, na pia miti iliyokuwamo shambani na mipakani mwake. Mtu aliyefiwa, katikati ya machozi yake, alihakikisha kwamba hata miti imeandikwa.

Nasi tumeandika. Mbele ya mwenyekiti wa mtaa tumewekeana maandiko na koo zote zilizoonyesha makaburi yao, Wakristo kwa Waislamu, kwamba njia yao ya kuingia haitafungwa na miti yao haitakatwa, na paroko atakayekuja baada yetu atalikuta andiko hilo pamoja na hati. Bibi alipowekewa kidole gumba kwenye wino alicheka, akasema maisha yake yote hajapata kutia sahihi kwa ajili ya mwembe.

Ndugu wapendwa, tarehe 2 Novemba, baada ya Misa ya asubuhi, hatutabariki makaburi yenye misalaba peke yake kama miaka iliyopita. Tutapita kwenye kila kigingi. Njooni na majembe, fagio na maji ya kunywa. Njooni pia na majina, kwa kuwa Mwenyekiti wa Walei atakuwa na daftari, na vigingi 11 bado havina jina. Kama mama yako au babu yako alikusimulia habari ya mtu aliyezikwa pale, hata kama wakumbuka jina la nyumbani tu, njoo utuambie. Mjumbe wetu aliyejiuzulu tumemwalika kwa barua, naye amesema atakuja na watoto wa mafundisho ili waone.

Bibi ametuambia kwamba yeye atakuwa amefika kabla yetu, kwani huwa anafagia mapema, jua lisijawa kali.

Tunawatakia juma jema na maandalizi mema ya sikukuu. Tuwaombee marehemu wetu, nao watuombee.

Paroko wenu.